Jina Uliloliandika Bila Kulijua

Zakaria, mume wangu,

Juzi walipaka chokaa ukuta wa kinyozi karibu na stesheni, na maneno yako yakaenda na chokaa. Asubuhi nilipita yapo, jioni nikapita hayapo. Nilisimama pale hadi kinyozi akatoka na mkasi mkononi kuniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamwambia hapana. Ukuta ulikuwa bado mbichi, na chini ya weupe ule niliona ile K yako kubwa inataka kutokeza, kama mtu aliyefunikwa shuka. Nikaondoka haraka. Ndipo nikaamua kukuandikia.

Bado niko Tororo, chumba kilekile nyuma ya soko. Vumbi la simenti bado linaingia. Nafuta meza asubuhi, na adhuhuri naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole.

Sijui kama unakumbuka mwaka nilipofika. Shangazi alikuwa akiuza samaki wakavu, akanileta kutoka kwetu Samia, upande wa Kenya, nimsaidie. Wewe ulikuwa juu ya ngazi, unaandika bodi ya hoteli iliyotazamana na meza yetu. Siku tatu nilikuona mgongo tu. Ya nne ukashuka, ukavuka njia, ukanipa karatasi iliyokunjwa mara nne, ukarudi kupanda ngazi bila neno.

Sijaona mwandiko kama ule hadi leo. Kila herufi ilikuwa na kivuli chake chekundu upande wa kulia. Nikasoma: KARIBU NDANI. VIATU IMARA. WATOTO NA WAKUBWA.

“Anasemaje?” shangazi akauliza. Nikamsomea. Akacheka hadi samaki wakamponyoka. “Mwanangu, huyu anatafuta mke au anatafuta miguu?”

Nilidhani wewe ni mcheshi. Nikakupenda kwa utani ambao hukuufanya.

Tulipooana tulikuta kwamba majina yetu ni mamoja. Wewe Othieno, mimi Nabwire. Wote tumezaliwa usiku, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Mama yako kule Iyolwa alilipenda hilo. Alisema watu wawili wa usiku hawapotezani.

Jumapili baada ya ibada wenzetu walikwenda kutembeleana. Sisi tulikwenda kutazama herufi. Ulinishika mkono, tukaanzia stesheni, kwenye lile bao jeupe lenye jina la mji.

“Wewe naona hii O ya kwanza?” ulisema. “Hii imeshiba. Ile ya mwisho nakufa njaa. Mtu aliandika hii alikuwa na haraka.”

Niliishi katika mji huu zaidi ya mwaka bila kujua kwamba O za Tororo hazilingani. Tangu siku ile siwezi kuliona bao lile bila kuihurumia ile ya mwisho.

Kutoka hapo tulipanda barabara ya maduka ya Wahindi. Ulinionyesha majina yaliyofinyangwa kwa simenti juu kabisa ya paa, ambako hakuna mtu anayetazama, na chini yake maandishi yao yaliyojikunja kama mikia ya vinyonga. Ulisimama chini ya R moja kwenye duka la vitambaa. “Mimi napenda hii,” ulisema. “Mguu yake nakanyaga chini kabisa. Haiogopi mtu.” Ule mwamba wa Tororo ulikuwa nyuma ya paa, mkubwa na mweusi, na R ile ikasimama mbele yake kama mtu anayengoja kufunguliwa mlango.

Nilijua siri yako Jumapili moja tulipokwenda kunywa chai. Mlango wa hoteli ulikuwa umefungwa na karatasi imebandikwa. Uliisifu ile F, ukasema ina shingo nzuri, kisha ukakaa kwenye kizingiti kungoja wafungue. Karatasi ilisema: IMEFUNGWA. TUNA MSIBA.

Nilikutazama ulivyokaa, umekunja mikono, umetulia. Nikakumbuka karatasi ya viatu. Mwanamume aliyeandika nusu ya mji huu hakuweza kusoma hata neno moja. Ulichora kila ulichopewa, mstari kwa mstari, kama mtu anavyochora jani.

Sikukuambia. Nilisoma kwa sauti, kama ninayejisemea: “Imefungwa, wana msiba. Maskini.” Nawe ukainuka, ukajifuta vumbi. “Ndiyo,” ukasema, “nimeona.”

Tuliishi hivyo. Mimi nikisoma kila kitu kwa sauti, kama mwanamke mwenye mdomo mrefu, na wewe ukiitikia kama aliyekwisha kusoma. Hatukuwahi kulizungumza. Nilifikiri huo ndio upendo, na hata leo siwezi kusema haukuwa.

Kisha akaja yule mtu.

Zilikuwa siku za baada ya uhuru, wakati kila mwenye duka alitaka bodi mpya, nawe ulikuwa na kazi hadi pembeni ya kitanda. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama juu ya mwamba. Mimi nilikuwa ndani, napepeta kunde. Nilimwona mlangoni amevaa koti zito lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni, na hakuwa na jasho. Hakutazama bodi zako. Alikutazama wewe, usoni, kama mtu anayelinganisha picha.

“Nataka msalaba,” alisema. “Wa mbao, mweupe.” Akakupa karatasi.

Uliishika, ukaigeuza kidogo kwenye mwanga. Niliona midomo yako ikihesabu. Yeye hakupepesa jicho.

“Saba na saba,” ulisema. “Chini tano. Hii itakaa vizuri sana.”

“Ni hilo tu?”

“Ni hilo tu. Wewe ngoja siku nne.”

Alisimama kitambo. Akanyoosha kidole, akagusa bodi iliyokuwa bado na rangi mbichi, akakitazama kidole chake. “Jina hili,” akasema, “wewe ungeliandika vizuri kuliko mtu yeyote.” Ulicheka kwa kusifiwa. Alikohoa, akaondoka, na sikumsikia akitembea juu ya kokoto.

Uliufanya msalaba siku mbili. Siku ya tatu nilirudi kutoka kisimani nikaukuta umeegemea ukuta, mweupe pe, herufi nyeusi zenye kivuli cha kijivu. Ilikuwa kazi yako nzuri kuliko zote. Wewe ulikuwa pembeni, unasafisha brashi kwa mafuta ya taa, unangoja nisome.

ZAKARIA OTHIENO. FUNDI.

Ndoo ilikuwa bado kichwani. Nilihisi maji yanatikisika.

Hukuwahi kuliona jina lako limeandikwa. Vyeti vyetu ulivitia dole gumba. Ulikaa siku mbili na jina lako, ukalipima kwa uzi, ukalipaka, ukalifuta pembeni kwa kitambaa, na hukujua ni nani.

Nilinyamaza. Nadhani kunyamaza kwangu ndiko kulikokutisha, maana hukuwahi kunisikia nikikaa kimya mbele ya herufi. Uliweka brashi chini. Na kwa mara ya kwanza tangu tuoane, uliniuliza waziwazi. Uliniuliza kwa sauti ndogo, bila kunitazama.

“Nabwire. Mimi nimeandika nini?”

Ungeniuliza siku nyingine yoyote ningekubusu mikono. Siku ile nilisema, “Yakobo Wandera. Yakobo Wandera, fundi.”

“Yakobo Wandera,” ulirudia, na uso wako ukalainika. Jioni tuliposali ulimwombea. Ulisema, Mungu mpokee Yakobo Wandera na uwatazame watoto wake. Niliitikia amina kwa mtu asiyekuwepo, huku jina lako limesimama nyuma yetu.

Siku nne zikapita, mtu hakuja. Zikapita nane. Rangi nayo ilikataa kukauka. Ulisema ni mvua, na kweli mvua ilikuwa imeanza, lakini bodi nyingine zilikauka. Wadudu wadogo walinasa ndani ya herufi, wengi zaidi ndani ya Z, nawe kila asubuhi uliwatoa mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, kwa upole, kama unayemchokoa mtu mwiba.

Siku zile sikuweza kukuita kwa jina. Nilisema tu wewe, au nilikohoa ili ugeuke. Usifikiri nilisahau. Niliogopa kwamba nikilitamka ndani ya chumba kile, kitu fulani kitaitika. Nikienda sokoni jina lako lilikuwa limetangulia. Z kwenye ukuta wa fundi cherehani, K kwenye gunia la simenti, O tatu za stesheni zimenitumbulia macho. Mji mzima ulikuwa unalitamka herufi moja moja. Ulipokohoa mara moja tu kwa sababu ya vumbi, niliangusha sufuria.

Mwishowe ulisema, “Msalaba haikai nyumba ya watu hai. Karatasi nasema nini nyuma?”

Sasa uliuliza kama mtu aliyezoea, na hilo lilinichoma. Nilisoma, safari hii kweli: mwulize katekista, kanisa la Busia, upande wa Kenya. Nilisema nitaupeleka peke yangu. Ukakataa. Mwanamke hawezi kubeba msalaba kilomita zote zile huku mume amekaa.

Tuliufunga kwa gunia, tukaupakia juu ya basi. Njia nzima niliomba tuukabidhi mlangoni tugeuke. Kule mpakani askari alitaka kuona mzigo. Alifungua gunia upande mmoja, akasoma kimya, akalifunika tena kwa mikono miwili.

“Pole, mzee,” alikuambia. “Ni wako?”

“Si wangu,” ulisema. “Mimi ni fundi tu.”

Askari alikutazama, akatazama gunia, akatufungulia.

Busia ilikuwa barabara moja ya udongo na maduka yake, nusu nchi hii, nusu ile. Hata siku ile hukuacha kutazama bodi. Ulinionyesha moja ambayo mwenyewe aliiandika pande mbili, ili watu wa nchi zote wasome. Kanisani tulimkuta mama mmoja anafagia uwanja. Alituona kwa mbali, akasimama, akauegemeza ufagio kwenye ukuta. Hakuna mtu aliyejua kwamba tunakuja. Hatukumwambia hata jirani.

“Mmechelewa,” alisema. “Alisema mtakuja.”

Alitupeleka nyuma ya kanisa. Kaburi lilikuwa jipya, udongo mwekundu, halina alama. Katekista akaja, na watu watano au sita wa jirani, na mama yule akaanza kueleza. Marehemu alikuwa fundi wa baiskeli. Alitoka upande wa Uganda miaka mingi nyuma, hakuoa, hakuwa na ndugu aliyemjua. Alipougua alisikia kwamba Tororo yuko mtu anayeandika misalaba. Akasema, huyo ni mtu wangu, atanizika. Akaenda kumtafuta. Akarudi amelala nyuma ya lori, na baada ya siku tatu akafa.

“Alirudi na huzuni,” mama yule alisema. “Alisema, nimempa jina mkononi, akalitazama kama mtu anayetazama mawe. Akalihesabu. Alidhani humtaki, baba.”

Wewe hukuelewa bado. Ulifungua gunia kwa adabu zako zote, ukausimamisha msalaba, ukaufuta. Na katekista akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya watu wote.

“Zakaria Othieno. Fundi.”

Niliona ulivyogeuka. Hukumtazama katekista. Ulinitazama mimi. Nimejaribu miaka yote hii kuutafutia neno uso ule, na sijalipata.

“Na wewe mwenzetu,” katekista akauliza, “unaitwa nani?”

Kuku alipita katikati yetu. Kisha ukasema, “Zakaria Othieno.”

Wanawake walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja, kama waliosukumwa. Mama wa ufagio peke yake hakurudi. Alikusogelea, akakushika kiwiko, pale penye doa la rangi nyekundu. “Alisema una doa hapa,” akasema. “Karibu nyumbani.”

Uliusimamisha kwa mikono yako. Ulishindilia udongo kwa mguu. Hukulia, ila ulikaa kwenye ukingo wa lile kaburi hadi jua likaegemea, na ulikuwa ukisema na wajina wako kwa Kidhopadhola, lugha ya kwenu, polepole, maneno ambayo mimi sikuyapata. Nilipata moja tu, maana ulilirudia. Ulikuwa unamwomba radhi.

Tulivuka mpaka kwa miguu kungoja basi upande wa pili. Kulikuwa na bao kubwa jipya.

“Ile nasema nini?” uliuliza.

“Simama. Onyesha mzigo.”

“Na ile?”

“Choo cha wanaume.”

“Na ile ndogo?”

“Usitupe taka.”

Ulitikisa kichwa. Hukuwa na hasira, na afadhali ungekuwa nayo.

“Sasa mimi nitajua namna gani, Nabwire?” ulisema. “Mimi nitajua namna gani kama ni kweli?”

Wiki ile ile ulinunua daftari. Ulikaa mezani kama mtoto, wewe mwenye mkono ule, na ulitaka kuanza na jina lako. Mvua zilipokwisha ulikuwa unasoma. Nakumbuka siku uliyorudi mbio kutoka mjini na ndoo ya rangi, unacheka na kutaka kulia. Ulikuwa umegundua kwamba kwa miaka minne kinyozi alikuwa ananyoa “nyewle” kwa ajili yako. Uliandika ulichopewa. Ulizunguka mji mzima kurekebisha, nami nikakushikia ngazi, na watu walidhani tumerukwa na akili.

Lakini nitakuambia niliyoyaona, kwa kuwa nimejiahidi barua hii isiwe na uongo. Mkono wako haukuwa ule tena. Zamani ulichora R kama R, sasa ulikuwa unasikia neno, na neno lilikuzuia. Bodi ya duka uliimaliza kwa siku ile ile. Msalaba hukumaliza hata mmoja. Ulisoma jina, ukaweka brashi chini, ukaenda nje. Mwishowe uliwarudisha wote waliokuja na misalaba. Mara mbili kwa mwaka ulikwenda Busia kupalilia, na uliporudi ulikuwa mtulivu, umekaa kidogo upande, kama aliyemwachia mwenzake nafasi kwenye benchi. Sikuuliza. Kuna siku nilikuita kutoka jikoni, “Zakaria,” na nikaona kama mmeitika wawili. Nilikaa chini hadi maharage yakaungua.

Homa ilikushika mwaka wa tatu baada ya Busia, nikakupeleka hospitali. Daktari aliniita nje, akaniambia. Niliporudi ulikuwa umegeuza kichwa, unasoma karatasi iliyobandikwa ukutani, ukisogeza midomo. Ulipenda kusoma hata matangazo ya kunawa mikono.

“Mimi nitapona?” uliniuliza.

“Utapona,” nikasema.

Ulinitazama usoni, pole kwa pole, kutoka kwenye paji hadi kidevuni, kama mtu anayefuata mstari kwa kidole. Kisha ukatabasamu, ukanishika mkono.

“Hii naweza kusoma,” ulisema.

Ulikufa Alhamisi. Tulikuzika Iyolwa, kando ya mama yako, na msalaba niliuandika mwenyewe kwa sababu sikutaka mkono wa mgeni. Herufi zimelalia upande mmoja, na N imegeuka kama Z iliyoanguka. Kaka yako aliona haya mbele ya wageni. Mimi sikuona.

Miaka imekwenda. Natembea Jumapili peke yangu, na bado nasoma kwa sauti. Watoto wa sokoni wananicheka. Busia naenda pia, maana yule naye hana mtu. Nachuchumaa mbele ya jina lako ulivyoliandika siku ambazo hukulijua, zuri kuliko kitu chochote katika nchi hizi mbili, na simjui aliye chini yake. Wakati mwingine upepo ukitulia naanza kukohoa, ili mmoja wenu ageuke.

Hofu haijaniisha, Zakaria. Nimejifunza kukaa nayo. Wewe pumzika. Kama yule wa Busia amekufikia, mwambie sasa unajua kusoma, na kwamba kosa lile halikuwa la kumkataa. Kunde zangu ziko motoni na mwanga unapungua, naishia hapa.

Mkeo,
Nabwire